Wimbo Haukukatika, Ulikatwa

"Habari za kazi, mtaalamu. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, na katika vitu alivyotuachia hapa Tanga kuna santuri moja ya bendi iitwayo Free. Santuri yenyewe inaitwa Tons of Sobs. Nyuma ya jalada mjomba ameandika kwa kalamu 'London 1973'. Nimeazima gramafoni nikaipiga. Wimbo wa kwanza haumalizi hata dakika moja, unapotea na kuingia mwingine. Wimbo wa mwisho wa upande wa pili nao unaanza kama mtu amefungua redio katikati ya wimbo. Je, santuri ni mbovu, au ni ya kughushi? Tena ule wimbo mrefu unaofunga upande wa kwanza unakwaruza sana, ingawa mwanzo wa upande huohuo uko safi. Fundi mmoja wa redio kaniambia niifute kwa mafuta ya taa. Jamaa mwingine anasema hili ni toleo la kwanza, ni mali, nisikubali chini ya bei ya pikipiki. Lebo yake ina picha ya mnazi na ukingo wa rangi ya waridi. Mpwa wangu, ambaye hupiga gitaa hotelini, anasema hawa ni vijana wa Kizungu walioiga nyimbo za Wamarekani Weusi, na mpiga gitaa wao ni mvivu, anang'ang'ania noti moja mpaka unasinzia. Na ule wimbo wao maarufu, All Right Now, humu haumo. Niiuze, niitunze au nimpe mpwa?"

Ndugu yangu, pole kwa kuondokewa na mjomba. Na kabla sijasema lolote jingine: mafuta ya taa yabaki kwenye jiko. Sababu nitaieleza nikifika huko, nimelitanguliza hili nisije nikachelewa.

Umeuliza maswali mengi kwa mpigo, lakini naona yote yametoka kwenye wasiwasi mmoja. Umeachiwa kitu, hujui kama ni kizima, na kila anayekiona ana lake. Fundi anasema kichafu, jamaa anasema mali, mpwa anasema cha kuigiza. Nianze na lile la wimbo, maana ndilo lililokusumbua zaidi na ndilo lenye jibu la uhakika kuliko yote.

Wimbo ule haukukatika. Ulikatwa, na aliyeukata alikusudia. Unaitwa Over the Green Hills, na ulirekodiwa ukiwa wimbo mmoja mzima. Prodyuza wa albamu, Guy Stevens, akaugawa vipande viwili: cha kwanza, kisichofika dakika moja, akakiweka mlangoni mwa albamu, cha pili, cha karibu dakika mbili, akakiweka mwisho kabisa wa upande wa pili. Tazama orodha ya nyimbo, utaliona jina hilo mara mbili, moja lina Pt. 1 na jingine Pt. 2. Kwa hiyo ulichokisikia mwishoni ni wimbo uleule wa mwanzo, unaendelea pale ulipokuachia, baada ya nyimbo nane kupita katikati. Nakiri kwamba hata mimi, mara ya kwanza, niliirudisha sindano nyuma nikidhani mkono wangu umeteleza.

Siku zile kazi hii ilifanywa kwa wembe. Sauti ilinaswa kwenye kanda ya sumaku, utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa madini ya chuma. Fundi mitambo aliisogeza kanda kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo, akisikiliza mpaka apate mahali penyewe. Akatia alama ya penseli, akakata kwa mshazari, kisha akaunga kipande kingine kwa utepe wa gundi. Mshazari una kazi yake: sauti moja huondoka wakati nyingine inaingia, na sikio halishtuki. Wimbo ukitakiwa kufifia, aliushusha taratibu wakati wa kunakili kutoka kanda moja kwenda nyingine. Kosa la santuri halisikiki hivyo hata siku moja. Santuri yenye mkwaruzo hugonga, "tik", kisha sindano inaruka mbele au inarudi palepale na kuimba neno lilelile mpaka uamke ukainyanyue. Wewe hukunisimulia kugonga kokote. Umenisimulia wimbo unaoondoka na mwingine unaoingia.

Sasa kwa nini mtu apasue wimbo mzuri? Stevens hakuwa mtu wa vipimo. Alianza kwa kupiga santuri za Wamarekani Weusi kwenye klabu ya Scene, mtaa wa Soho, London, na baadaye akaisimamia lebo ya Sue, tawi la kampuni ya Island (ndiyo iliyotoa santuri yako) lililowaletea Waingereza muziki huo. Mwaka 1979 yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti cha prodyuza albamu ya London Calling ya bendi ya The Clash ilipotengenezwa. Imani yake ilikuwa kwamba bendi inaswe ikiwa bado ina joto, basi. Free walikuwa wanapiga nyimbo hizi kwenye vilabu usiku baada ya usiku, akawaambia wazipige studioni vilevile. Nionavyo mimi, kuupasua ule wimbo wa taratibu na kuuweka milangoni kulimpa namna ya kuyafunga makelele yote ya katikati ndani ya bahasha moja. Wapo wanaomlaumu, na hoja wanayo: Over the Green Hills kamili haukutoka mpaka mwaka 2000, kwenye mkusanyiko wa Songs of Yesterday. Mjomba wako, kwa santuri yake ya 1973, hakuwa na namna ya kuusikia wote.

Fedha nazo zilikuwa chache, takriban pauni 800 kwa albamu nzima. Waliirekodi Oktoba 1968 katika studio za Morgan, Willesden, London. Waliokuwa ndani ya chumba kile walikuwa watoto, na neno hilo nalitumia kwa makusudi. Paul Rodgers, mwimbaji kutoka Middlesbrough, alikuwa na miaka 18. Paul Kossoff wa gitaa, 18. Simon Kirke wa ngoma, 19. Andy Fraser wa besi alikuwa na miaka 16, na tayari alikuwa amepita, kwa muda mfupi, kwenye bendi ya John Mayall. Onyesho lao la kwanza walilifanya tarehe 19 Aprili mwaka huohuo kwenye baa ya Nag's Head, Battersea, kwa hiyo bendi ilikuwa na umri wa nusu mwaka ilipoingia studio. Jina la Free walipewa na Alexis Korner, mlezi wa vijana wengi wa bluzi, muziki ule wa Wamarekani Weusi, pale London. Mwenye Island, Chris Blackwell, alitaka waitwe Heavy Metal Kids. Wakakataa. Piano unayoisikia kwa mbali ni ya Steve Miller, na hapa watu wengi huteleza: huyu ni Mwingereza, si yule Mmarekani mwenye bendi ya jina lake.

Ikiwa ni nzuri hivyo, mbona haijulikani? Ilitoka Machi 1969 na huko Uingereza haikuingia kabisa kwenye orodha ya albamu zinazouzwa. Marekani iligusa nafasi ya 197 ikarudi ilikotoka. Bahati ilikuwa mbaya. Vuli ileile ya 1968, katika jiji lilelile la London, bendi nyingine mpya ilikuwa studio za Olympic ikirekodi albamu yake ya kwanza kwa pauni 1,782. Bendi hiyo ni Led Zeppelin. Fundi mitambo wao alikuwa Glyn Johns. Fundi mitambo wa Free alikuwa mdogo wake, Andy Johns. Albamu zote mbili zilifika madukani Uingereza mwezi mmoja, na ndani ya zote mbili utausikia The Hunter: Free wameupiga mzima, Zeppelin wameuchomeka kipande ndani ya wimbo wao mrefu wa mwisho. Ndugu wawili, jiji moja, msimu mmoja. Dunia ikamkimbilia yule mwenye sauti kubwa zaidi.

Hapo ndipo niongee na mpwa wako, na naomba umsomee sehemu hii polepole.

Kuhusu kuiga, ana nusu ya ukweli. Nyimbo mbili humu si zao. Goin' Down Slow ni wa St. Louis Jimmy Oden, aliyeurekodi mwaka 1941. The Hunter ulitungwa na wanamuziki wa bendi ya Booker T. & the MG's pamoja na Carl Wells, na mwimbaji Albert King ndiye aliyeufanya ujulikane mwaka 1967. Majina ya watunzi yameandikwa, hakuna aliyefichwa. Zilizobaki ni zao wenyewe. Lakini bluzi haina mwenye kutoka patupu. Ni kama shairi: vina na mizani umevikuta, ubeti ndio wako. Goin' Down Slow una mizunguko ya hatua kumi na mbili. Nne unakaa nyumbani, mbili unatoka kwenda kodi ya nne (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja), mbili unarudi, moja unapanda kodi ya tano, moja unashukia ya nne, mbili unamalizia nyumbani. Mstari wa kwanza unasemwa, unarudiwa, wa tatu unaujibu. Mpwa wako anaujua mzunguko huu hata kama hajawahi kuuita jina. Akitaka kumpima mtu wa bluzi, asimpime kwa mzunguko, huo ni wa wote. Amsikilize anafanya nini ndani yake.

Kossoff anafanya nini? Kidogo sana, na hicho ndicho mpwa anachokiita uvivu. Kamba ya gitaa ukiikaza, sauti inapanda. Mpiga bluzi haikazi kwa msumari wa juu. Anaisukuma kwa kidole ikiwa juu ya shingo ya gitaa, na noti inapanda nusu ngazi au ngazi nzima ikiwa bado inalia. Hapo ndipo zinapopatikana zile sauti zisizo na makazi kwenye piano, zinazokaa kati ya noti ya furaha na ya huzuni. Akishafika juu, Kossoff haondoki. Anaitikisa kamba kwa kifundo cha mkono, inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, upana uleule na kasi ileile, kama mwimbaji anayeitetemesha sauti mwisho wa neno. Gitaa lake ni Gibson Les Paul, zito, na amplifaya imepandishwa mpaka sauti inapasuka kidogo, ndiyo maana noti haifi upesi. Kupiga noti ishirini kwa pumzi moja ni mazoezi. Kijana mwenye bidii anafika. Kuishika moja isiyumbe nje ya mstari ni kazi ya miaka, na huyu aliifanya akiwa na miaka 18. Free walipozunguka Marekani mwaka 1969 pamoja na bendi ya Blind Faith, inasimuliwa kwamba mpiga gitaa wake mashuhuri, Eric Clapton, mwenyewe alimwendea kumuuliza mtikisiko ule anaufanyaje.

Amsikilize pia Kirke, ambaye karibu hapigi. Na Fraser, ambaye mara nyingi hunyamaza pale ambapo besi nyingine ingejaza. Kwenye dansi letu tumezoea magitaa matatu yanayosukana kama mkeka, solo, ridhimu na besi, pasibaki tundu. Humu matundu yameachwa wazi, na sauti ya mwisho inaning'inia ndani ya tundu mpaka uanze kuingoja inayofuata. Mpwa ajaribu hili: achukue wimbo wa humu uitwao Walk in My Shadow, apige solo yake juu yake kwa mtindo wa hotelini, ajirekodi kwa simu, asikilize. Nadhani atapunguza noti mwenyewe. Akianza kujifunza mtikisiko na kifundo kikauma, apumzishe mkono. Maumivu yakizidi siku chache, aende kwa mwalimu wa gitaa amtazame anavyoshika shingo, na kwa daktari ikiwa ganzi inaingia vidoleni. Mambo hayo hayatibiwi kwa kuandikiana.

Kuna jambo moja kuhusu Goin' Down Slow. Ni wimbo wa mgonjwa anayejua hatapona, anayesema starehe zake amekwishazipata. Kwa kuwa Kossoff alifariki Machi 1976, akiwa na miaka 25, ndani ya ndege iliyokuwa inatoka Los Angeles kwenda New York, watu hupenda kuusikiliza kama utabiri. Mimi sipendi. Ulikuwa wimbo ambao kila bendi ya bluzi London iliujua, na vijana wale wanne waliupiga zaidi ya dakika nane kwa sababu waliupenda. Tuwaachie furaha yao.

Na huo ndio unaokukwaruzia, sivyo? Unafunga upande wa kwanza, yaani umekaa karibu kabisa na lebo. Hili nalo si lazima liwe ubovu. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.8, sindano ikiwa ukingoni au karibu na katikati. Lakini ukingoni, sekunde hizo 1.8 zimetandazwa kwenye mfereji wa takriban sentimita 92. Karibu na lebo zimebanwa ndani ya sentimita 38 hivi. Muziki ni uleule, nafasi haifiki nusu. Mawimbi yamesongamana, kona zimekuwa kali, na sindano iliyochoka au nene haiwezi kuzifuata, inazikwangua. Sauti za juu ndizo hutangulia kuharibika: herufi "s" za mwimbaji, visahani vya ngoma, ukali wa gitaa. Ndiyo maana Worry, ule wa pili wa upande wa kwanza, uliusikia safi na Goin' Down Slow ukakuchafukia, ingawa ziko upande mmoja.

Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni gramafoni ya kuazima, si santuri. Uliza sindano yake ina muda gani. Kama mwenyewe hakumbuki kuibadilisha, acha kuipiga santuri ya mjomba hapo, kwa sababu sindano iliyolika ina kingo kama patasi, na inachokikwangua hakirudi. Uzito pia. Sindano nyingi za sasa zinataka kati ya gramu 1.5 na 3. Zile gramafoni za sanduku za bei rahisi hukandamiza zaidi ya hapo. Mshukiwa wa pili ni uchafu, na pwani yetu nimeona mengi: joto, chumvi na unyevu hukuza ukungu, madoa meupemeupe kama unga, hasa kwenye santuri iliyolala miaka ndani ya jalada bila kuguswa. Huo unasafishika. Mshukiwa wa tatu ni mjomba mwenyewe, Mungu amrehemu. Kama aliupenda wimbo ule akaupiga kila usiku baharini, mfereji umekwisha, na hakuna dawa.

Kuisafisha ni kazi ya nusu saa. Chukua maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za gari yanafaa, ila hakikisha ni maji na si asidi. Tia tone moja la sabuni laini ya vyombo kwenye nusu lita. Lowesha kitambaa laini kisichoacha nyuzi, pitisha kwa kuzunguka kufuata mifereji, usikate kutoka katikati kwenda nje. Lebo isilowe. Suuza kwa maji hayohayo bila sabuni, isimamishe ikauke kivulini, isiguse jua, maana plastiki hii hupinda kwa joto ambalo sisi hulivumilia bila kulalamika. Mafuta ya taa huacha utando ndani ya mfereji. Vumbi linanasa humo, na sindano ikipita inalisaga kama jiwe la kinu. Spiriti nayo watu huisifu. Kwenye santuri za zamani zaidi, zile nzito za kuzunguka mara 78, spiriti huyeyusha santuri yenyewe. Yako si ya aina hiyo, lakini nyumba ya baharia huenda ina zote mbili, kwa hiyo usizoee.

Tuje kwenye pikipiki. Mnazi ndio uliokujibu. Albamu hii ilipotoka Machi 1969, lebo ya Island ilikuwa ya waridi nzima, haina mnazi. Lebo ya mnazi yenye ukingo wa waridi ilianza kutumika mwaka 1970 ikaendelea hadi katikati ya miaka hiyo, na inakubaliana vizuri na "London 1973" ya mjomba. Ni santuri halali, ya kampuni yenyewe, si ya kughushi, lakini ni ya kuchapwa upya. Wakusanyaji hutoa fedha nyingi kwa zile za waridi tupu zilizo katika hali nzuri. Za mnazi hutafutwa pia, kwa bei ya kawaida. Ya kale ni dhahabu, ndiyo, ila sokoni wanaikagua kwanza. Mwandiko wa kalamu kwenye jalada, ukungu na mkwaruzo vyote vinapunguza. Sitakutajia bei, kwa sababu hali ya santuri haionekani kwa maandishi. Ukitaka kuuza, ipeleke kwa mtu anayeuza au kukusanya santuri, aitazame chini ya taa kali na kuipiga kwenye gramafoni nzuri mbele yako. Na anayekukadiria bei asiwe ndiye anayetaka kununua. Jamaa yako wa pikipiki sisemi ni mwongo. Kama anaamini bei hiyo, mwambie ailipe yeye.

All Right Now usiutafute humo. Haukuwepo bado. Waliutunga baada ya kupiga vibaya usiku mmoja pale Durham, wakaondoka jukwaani bila makofi na kuona hawana wimbo wa kuamsha watu. Ulitoka 1970, kwenye albamu yao ya tatu, Fire and Water, ukafika nafasi ya pili Uingereza na ya nne Marekani, na tangu hapo umeifunika kazi yao yote ya kabla. Baada ya Free kuvunjika, Rodgers na Kirke waliunda Bad Company. Na kati ya 2004 na 2009 Rodgers alizunguka na Queen, akiimba mahali pa Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, akakataa kuvaa viatu vya marehemu, akaimba kwa sauti yake mwenyewe. Nilimheshimu kwa hilo.

Uamuzi ni wako, lakini umeniuliza. Ningekuwa wewe nisingeuza. Fedha utakayopata haitakununulia kitu utakachokikumbuka mwakani, na maandishi ya mjomba, yanayopunguza bei sokoni, nyumbani kwenu ndiyo yanayoipandisha. Jalada na santuri baki navyo wewe. Mpwa mpe nyimbo: albamu nzima inapatikana leo kwa simu, na Over the Green Hills usiopasuliwa ataupata kwenye Songs of Yesterday, aulinganishe na huu. Akishaweza kushika noti moja kwa mapigo manne bila kuyumba, mrithishe na santuri. Kama hatafika huko, ana haki ya kubaki na mtindo wake wa hotelini, watalii nao wanahitaji kula wakisikiliza kitu.

Isafishe kwanza, tafuta sindano nzima, kisha uipige tena Goin' Down Slow. Ukwaruzo ukipungua, tatizo lilikuwa uchafu au sindano ya zamani. Ukibaki vilevile kwenye gramafoni mbili tofauti, mfereji umelika, usiendelee kuutesa. Ukiwa hapo inamisha santuri chini ya taa utazame sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo: kuna herufi na tarakimu zimechorwa kwa mkono au kugongwa kwa mhuri, pande zote mbili. Ziandike zote kama zilivyo, hata zisizo na maana kwako, unitumie. Hizo ndizo zitaniambia santuri yako ilichapwa kutoka kwenye bamba lipi.